Uhuru Ilirushwa Kutoka Ngomeni

Mjomba wangu ni mvuvi wa Msambweni, na ujanani mwake alikuwa akienda dago. Kwa asiyejua dago: msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, wavuvi wa kwetu, wa Vanga na wa Pemba hupakia nyavu, sufuria na unga, wakapiga kambi ufuo wa mbali kwa miezi. Mwezi wa tatu mwaka 1988 kambi yake ilikuwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Anasema waliambiwa wasisogelee vile vyuma vilivyosimama baharini. Usiku mwanga ukatoka majini, ukapanda, ukaelekea mashariki ukapotea. Siku hiyo hawakuvua, na hilo ndilo linalomuuma hadi leo.

Sisi watoto tulidhani anatia chumvi.

Miaka baadaye nikawa chuoni Nairobi, nasoma fizikia. Mhadhiri akataja setilaiti iitwayo Uhuru iliyoanza kuipima anga kwa eksirei, akaenda zake kwenye hesabu. Ilirushiwa wapi? Hakusema, nami sikuuliza. Muhula uliofuata karo ikanishinda, nikarudi nyumbani. Jibu nililipata nikiwa kwenye simu yangu, nimekaa kibarazani Msambweni, na nikaona haya mbele ya mjomba.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Luigi Broglio, profesa wa Roma na mwanajeshi wa anga, alitaka Italia iwe na setilaiti yake. Mwaka 1962 Waitalia wakakubaliana na NASA: Wamarekani watoe roketi za Scout na mafunzo, Waitalia watafute mahali. Wakachagua Ngomeni, karibu digrii 3 kusini ya ikweta. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta mwendo wake unakaribia kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea huko inapewa huo mwendo bure. Na mashariki ya Ngomeni ni maji matupu, kwa hiyo vipande vikianguka haviangukii paa la mtu. Wakasimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini. San Marco lilikuwa la kurushia. Santa Rita, lililokuwa jukwaa la kuchimbia mafuta, likawa la wataalamu wa kuongoza urushaji.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapaa kutoka hapo. Kisha ikaja ile yenyewe: tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, mama wa NASA aliyesimamia mradi, akaipa setilaiti ile jina la Uhuru. Neno letu! Ilikuwa na uzito wa kama kilo 140 tu. Hewa ya dunia huzuia eksirei za nyota, kwa hiyo lazima chombo kipande juu ya hewa ndipo kizione. Uhuru ilikusanya orodha ya vyanzo 339, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vikawa miongoni mwa sababu za wataalamu kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, akapata Nobel mwaka 2002.

Setilaiti tisa zilirushwa Ngomeni kwa jumla. Ya mwisho ni San Marco 5, tarehe 25 Machi 1988. Ule mwanga wa mjomba.

Kule Florida, NASA ilianza kuwatembeza wananchi kwa basi miaka ya 1960, roketi za mwezini zikiwa bado zinaundwa. Kourou nako, Guiana ya Kifaransa, wageni hutembezwa. Shuleni kwetu ziara ilikuwa Fort Jesus, na mwaka uliofuata Fort Jesus tena. Siilaumu ngome, lakini mtoto wa pwani anarudi nyumbani akijua Mreno alijenga nini mwaka 1593, na hajui kilichopaa Kilifi 1970.

Basi nikajitembeza mwenyewe. Feri ya Likoni, matatu hadi Malindi, nyingine hadi Gongoni, halafu bodaboda kupita mashamba ya chumvi. Sikuwa nimeandika barua ya kuomba kuingia kituoni, kwa hiyo sikwenda getini. Nilimlipa mzee mwenye mashua.

Tukakaa mbali. Miguu ya chuma, kutu, ndege wamejaa juu. Nilitarajia nitasisimka, kumbe nilisikia kichefuchefu cha mawimbi kwanza. Mzee akanyoosha mkono kuonyesha ilikokaa roketi, nikamwambia mjomba wangu aliiona ya mwisho.

"Wa wapi huyo mjomba?"

"Msambweni. Alikuwa dago hapa."

Akacheka. "Wadago! Walikuwa wakilalamika zaidi yetu."

Nikampigia mjomba palepale, mtandao ukikatika. Nikamwambia niko mbele ya vile vyuma. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama siku hizi wanaruhusu kuvua karibu yake, maana pale kwenye miguu ndipo changu hujificha.

Nikampa mzee simu.