Plagi, soketi na tundu la tatu

Ingia duka la vifaa vya umeme Korogwe mjini uombe plagi, na muuzaji ana haki ya kukuuliza: ya kuchomeka au ya ukutani? Istilahi imeshazigawa. Plagi ni kile kichwa chenye pini mwishoni mwa waya wa pasi au redio. Soketi ni yenye matundu, iliyofungwa ukutani. Mtaani zote ni plagi, na hakuna ubaya, mpaka fundi apigiwe simu kuwa "plagi imeungua" naye aje na kifaa kisichohusika.

Soketi zetu nyingi zinafuata kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, cha pini tatu bapa. Pini ya juu ni ndefu kuliko wenzake, makusudi. Inatangulia kuingia na kusukuma vifuniko vidogo vilivyoziba matundu mawili ya chini, ndipo pini nyingine mbili zipite. Mtoto akichokonoa chini kwa msumari, anakuta pamefungwa.

Sasa tazama kibanda cha kuchajia simu, Mkata au Handeni mjini. Chaja ina pini mbili za mviringo, kwa hiyo kifuniko cha kalamu kinadidimizwa kwenye tundu la juu ili ya chini yafunguke. Simu inajaa kweli. Lakini pini ya mviringo haibanwi sawasawa na soketi ya pini bapa: inacheza, inatoa cheche, na baada ya muda plastiki inageuka kahawia. Dawa yake ni adapta tu.

Ndani ya plagi hiyo ya pini tatu kuna fyuzi, na kubwa kabisa ni ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990. Jiko la umeme la wati 2,000 na pasi ya 1,200 kwenye ekstensheni moja zimeshavuka hapo. Fyuzi ikikata, imefanya kazi yake. Anayeiviringishia karatasi ya pakiti ya sigara ili "umeme urudi" ameuhamishia moto kwenye waya.

Ukiifungua plagi, pini ndefu ikiwa juu, waya wa kahawia ni laivu, unakaa kulia kwenye fyuzi; wa bluu ni nyutro, kushoto; wa kijani na njano ni ethi, juu. Nyumba za zamani zina nyekundu, nyeusi na kijani.

Ethi ni ardhi hasa: waya wa tundu la tatu unaishia kwenye fimbo iliyopigiliwa chini, na udongo mbichi hupitisha umeme vizuri kuliko mkavu. Korogwe ina Mto Pangani wa kuulowesha udongo. Handeni, kiangazi kikikaza, udongo hukauka hadi chini. Mwenye nyumba wa huko amtake mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aje kupima ethi kiangazi, maana kipimo cha masika humsifia hata fundi mbovu.