Hesabu Kubwa na Jina la Kariakoo

Watu wengi waonapo hesabu yenye tarakimu nyingi huiogopa, wakadhani ni kazi ya wataalamu tu. Basi na tuitazame moja. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120. Hesabu hii yagawanyika kwa 64, kwa 5, kwa 7, kwa 43 na kwa 641 pasipo baki. Na hizo tano zikizidishwa pamoja, huirudisha kamili. Lakini kwa 9 haigawanyiki. Twajuaje? Jumlisha tarakimu zake, utapata 22. Toa 9 mara mbili, yabaki 4.

Baki hiyo yatufaa sana. Wanaume walikuwa 30,053,130: tarakimu zao ni 15, toa 9, yabaki 6. Wanawake walikuwa 31,687,990: tarakimu zao ni 43, toa 9 mara nne, yabaki 7. Sita na saba ni 13. Toa 9, yabaki 4, sawasawa na ile ya jumla. Waarabu na Wahindi wa kale waliijua kanuni hii, na mwenye duka Kariakoo aweza kulipima daftari lake vivyo hivyo.

Walakini kanuni hii ina mpaka. Karani akiandika 61,471,120, yaani akibadilishana 7 na 4, baki ni ile ile. Tena, hesabu yaweza kupima ujumlishaji; haiwezi kumwona mtu aliyeachwa nje.

Jambo hilo lakumbushwa na jina lenyewe la Kariakoo. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, hapo palifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi, walioitwa Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba chakula na risasi porini, na wengi mno walikufa kwa maradhi na njaa. Katikati ya mji ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, nayo yawakumbuka wao pia, lakini pasipo majina yao.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tazameni sifuri zile za mwisho: ni alama ya makisio. Kati ya hesabu hizo mbili pana watu 234,000, ambao hakuna kanuni ya tisa iwezayo kutuambia kama walikuwako.

Kwa hiyo, karani wa sensa abishapo hodi, mtajieni kila aliyelala nyumbani, mgeni, mzee na mtoto mchanga. Hesabu kubwa huanza na mmoja, na mmoja akiachwa, hakuna ajuaye tena.