Kabichi, Maji na Trela: Historia Fupi ya Nyumba ya Kuvutwa

Nimekuwa kimya kwa muda, na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika programu nikawa fundi wa mabati. Jibu ni ndiyo, kidogo.

Mjomba wangu aliniachia trela lake la zamani, lile alilokuwa akibebea kabichi kutoka Kinangop hadi sokoni Nairobi. Ni sanduku la chuma lenye ekseli moja, mlango uko nyuma, ndani giza, na harufu yake imeishinda hata sabuni ya unga. Nikasema hili nitaligeuza nyumba ya kulala safarini: kitanda, meza ya tarakilishi, jiko la gesi, tangi la maji la lita 200. Tangi nikalifunga ukuta wa nyuma karibu na mlango, maana huko ndiko nilitaka kupikia.

Tukateremka nalo kuelekea Mai Mahiu, binamu yangu akiwa kwenye usukani. Katikati ya mteremko trela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka gari lenyewe likaanza kulifuata, na upande mmoja kuna bonde! Binamu aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani bila kupigana nao, wala hakukanyaga breki kwa pupa. Ndiyo sababu mnasoma makala haya leo. Nilipomweleza mjomba hakuuliza kama tumeumia. Aliuliza, "Kwani uliwahi kuniona nikipakia kabichi nyuma?"

Basi nikarudi mezani kusoma jinsi watu walivyofika kwenye wazo hili la kuishi ndani ya kitu kinachovutwa.

Waroma wa Uingereza waliishi katika magari ya farasi tangu karne ya 19, lakini aliyelifanya jambo hili kuwa starehe ya mwenye nafasi ni daktari mstaafu wa jeshi la majini, William Gordon Stables. Mwaka 1885 alitengenezewa gari liitwalo The Wanderer na kampuni ya Bristol Wagon Works. Lilikuwa na uzito wa karibu tani mbili, likivutwa na farasi wawili, na mtumishi wake alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia. Kwa mwendo wa farasi, mambo ya kutikisa mkia hayakumsumbua mtu.

Motokaa ilipokuja, hesabu ilibadilika. Wamarekani walianza kufunga mahema na masanduku ya mbao nyuma ya Ford zao, na mwaka 1919 wasafiri wa aina hiyo walianzisha chama huko Tampa, Florida, wakajiita Tin Can Tourists. Kila mtu alijijengea lake. Na hapa ndipo anaingia mtu ninayempenda katika historia hii, Wally Byam.

Byam alizaliwa Oregon mwaka 1896. Alipokuwa kijana alichunga kondoo, akiishi katika kigari cha magurudumu mawili kilichokokotwa na punda, ndani yake mna jiko la mafuta ya taa, chakula na maji. Baadaye akawa mchapishaji wa majarida Los Angeles. Mkewe hakutaka kwenda kulala porini bila jiko lake, kwa hiyo Byam akasimika hema juu ya chesi ya Ford Model T. Mvua iliponyesha, lilikuwa balaa. Akajenga kitu kigumu zaidi chenye umbo la tone la maji, kisha akaandika makala ya kuwaeleza watu jinsi ya kujenga trela kwa dola 100. Wasomaji wakaomba maelezo zaidi, naye akaanza kuwauzia ramani kwa dola moja moja.

Ninyi mnaopenda programu huria mtaelewa kwa nini nilitabasamu hapo. Kabla hajawa na kiwanda, alikuwa na ramani na watu wa kumwandikia. Kampuni yake, Airstream, ilianza mwaka 1931. Mojawapo ya mawazo yake lilikuwa kushusha sakafu katikati ya magurudumu na kuinua paa, ili mtu asimame wima ndani. Sanduku la mizigo halihitaji hilo, kabichi hazisimami.

Jambo kubwa zaidi lilitoka kwa watu wa ndege. Hawley Bowlus, aliyesimamia ujenzi wa Spirit of St. Louis, ndege ambayo Charles Lindbergh alivukia Atlantiki mwaka 1927, alitoa mwaka 1934 trela la alumini liitwalo Road Chief. Halikuwa sanduku lililowekwa juu ya chesi nzito. Ngozi yenyewe, iliyopigwa ribiti juu ya mbavu nyembamba, ndiyo iliyobeba nguvu, kama ganda la yai. Kosa lake lilikuwa mlango: aliuweka mbele kabisa, juu ya pale trela linapofungwa kwenye gari, ukawa wa kuparamiwa. Biashara ilipomshinda, Byam alichukua wazo, akahamishia mlango ubavuni, na mwaka 1936 akatoa Clipper kwa dola 1,200. Lililaza watu wanne, lina maji yake, taa za umeme na kuta za kuzuia joto na baridi. Kisha ikaja vita, alumini yote ikaenda kwenye ndege, kiwanda kikafungwa, na Byam mwenyewe akaenda kufanya kazi katika viwanda vya ndege.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, ukafika mwaka 1960. Walipita Kongo ya Wabelgiji, Uganda, na hapa kwetu Kenya, ikiwa bado koloni, wakaendelea hadi Addis Ababa walikopokewa na Haile Selassie. Barabara ya Isiolo hadi Moyale ilipata lami kamili miaka ya 2010. Fikirini kuvuta nyumba kuelekea Ethiopia zaidi ya nusu karne kabla! Sijui nicheke au nivue kofia. Byam alifariki mwaka 1962.

Nikirudi kwa trela langu, naona tofauti ambayo sikuiona nilipoanza. Mzigo wa biashara unapakiwa upya kila asubuhi, na mpakiaji mzuri hurekebisha kwa macho. Nyumba hupakiwa mara moja tu. Tangi, betri na jiko vikishafungwa mahali pabaya, kosa linasafiri nawe kila siku. Lita 200 za maji ni kilo 200, nami nilizitundika nyuma ya ekseli, zikainua mbele ya trela. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikalie pale trela linapoungana na gari. Kwa kilo 900, hiyo ni kilo 90 hadi 135.

Tangi nimelikata na kulihamishia mbele kidogo ya ekseli, chini ya kitanda. Mlango bado uko nyuma. Fundi wangu wa kuchomelea anataka kukata ubavu kama Byam, lakini kuta hizi ndizo zinazolishikilia sanduku lisipinde, na hatujakubaliana. Jumamosi mjomba anakuja na mizani yake ya magunia tupime mbele ina kilo ngapi.