Makao Yaliyohamahama Nyanda za Juu Kusini

Atakayeitazama tarehe ya Nyanda za Juu Kusini kwa utulivu, akiyaweka kando kwa muda majina ya vita na ya magavana, ataona jinsi makao ya serikali yalivyohamahama katika nchi ile, na jinsi waliohamishwa nayo walivyosahauliwa. Wadachi, walipoivunja ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe pale Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, hawakukaa juu ya magofu yake. Mwaka 1896 Tom von Prince alijenga boma jipya kwenye mwinuko ulitazamao bonde la Ruaha Mdogo, na huo ndio mwanzo wa mji wa Iringa tuujuao. Kadhalika kituo chao cha Langenburg, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kiliwachosha kwa joto na homa, hata karne ya 20 ilipoanza wakakipandisha milimani kwa Wanyakyusa, mahali paitwapo leo Tukuyu. Baadaye Waingereza, waliokuwa na makao ya jimbo Iringa, waliyapeleka Mbeya, mji uliozaliwa mwaka 1927 chini ya mlima Loleza kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, na uliokaa juu ya njia kuu ya kwendea Rhodesia.

Amri ya kuhama huandikwa kwa mstari mmoja tu. Lakini karani, aghalabu mtu wa pwani au mwanafunzi wa misheni, ndiye aliyezifunga daftari za kodi katika masanduku ya bati, akaihifadhi mihuri isipotee, kisha akaondoka na ahali yake kwenda kuanza maisha upya katika baridi asiyoizoea, miongoni mwa watu ambao lugha yao hakuifahamu. Kumbukumbu rasmi zina sifa nyingi za maafisa, na kwa makarani hawa zina uchoyo ambao mimi nauona ni dhuluma.

Na popote makao yalipohamia, wengi walibaki mbali nayo; wala kazi ya kutendwa mbali na ofisi kuu haikuanza zama hizi za simu na intaneti. Tangu sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, mashauri mengi ya ardhi na mahari yalikatwa katika mabaraza ya watemi, siku kadhaa za mwendo kutoka bomani, na bwana shauri, yaani afisa wa wilaya, akapata habari kwa barua. Tarishi aliichukua kwa miguu, imebanwa katika ncha ya ufito uliopasuliwa ili jasho la kiganja lisiufute wino. Mto ukifurika masika, hukumu nayo ilingoja ng'ambo, na wadai wawili wa shamba moja wakaendelea kutazamana kwa chuki hadi maji yapungue.

Katika zama zetu Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016, makao yake yakawekwa Vwawa. Uhamisho huu nausifu waziwazi, kwa kuwa mkulima wa Ileje au mfanyabiashara wa Tunduma mwenye shauri la mkoa hana haja tena ya kulifuata hadi Mbeya.