Baiskeli Nyeusi ya Makongolosi

Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano huu wa wanafunzi wa zamani, nadhani alitazamia habari za dhahabu. Hizo zimekwisha andikwa vya kutosha. Mimi nitaandika juu ya baiskeli, kwa kuwa mwaka jana, baada ya miaka thelathini bila kupanda, nilitaka kununua moja ya bei nafuu ya kunifikisha shambani wakati wa likizo, nami nikakosea.

Dhahabu, hata hivyo, hatuwezi kuikwepa kabisa. Iligunduliwa Lupa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika Chunya. Babu yangu alikuja kwa miguu, akapata kibarua Saza. Baiskeli za siku hizo zilikuwa za Kiingereza, na iliyosifiwa kuliko zote ni Raleigh ya Nottingham: nyeusi, gurudumu la inchi 28, breki za vyuma. Wengine huicheka kwa uzito wake. Lakini gurudumu kubwa halizami upesi katika mashimo, na fremu ile ndefu, yenye uma uliolala, hupunguza mitikisiko bila springi yoyote. Mgodi wa New Saza ulifungwa mwaka 1956. Wazungu wa mgodi waliondoka, baiskeli hazikuondoka.

Baada ya Uhuru tukaziona Phoenix za Shanghai, na Hero za Ludhiana, India, ambako kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1956. Sisi wenyewe tulikuwa na Swala, za kiwanda chetu cha NABICO, Dar es Salaam. Ndugu wanafunzi, angalieni jambo hili: zote hizi zilifuata umbo lile lile la Kiingereza. Basi tairi ya moja iliivaa rimu ya nyingine. Katika uhaba uliofuata Vita vya Kagera vya 1978–79, wakati tairi ilitafutwa kama dawa, fundi aliweza kutoa gololi hapa na mnyororo pale, na mtu akaenda safari yake.

Ya baba yangu ilikuwa na fremu ya Raleigh, rimu za Phoenix, na kerieri iliyochomelewa hapa hapa Makongolosi. Ndiyo iliyobeba tumbaku yetu kwenda ghala la chama. Januari 1994 aliiuza, nami nikaingia Kidato cha Kwanza kwa fedha hizo. Sikuambiwa. Nilikuja kuelezwa na baba mdogo nikiwa Kidato cha Tatu, kwamba kaka yake anatembea saa moja na nusu kwenda shambani kwa ajili yangu. Baba hakununua nyingine, na mimi, kwanza kwa kukosa na baadaye kwa Chuo Kikuu na magari ya ofisi, sikupanda tena.

Sasa kosa langu. Nilikwenda Mbeya mjini nikanunua mpya, yenye giya ishirini na moja na springi mbele na katikati, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko nyeusi mpya na ilipendeza macho. Mlimani springi zilikula nusu ya nguvu za miguu. Mwezi wa pili chuma cha kuhamishia mnyororo kikapinda. Fundi wetu alikigeuza mkononi, akasema, “Mzee, hiki sina, na Chunya hawana.”

Nilifikiria pia mitumba ya Kijapani. Ni myepesi, na kwa anayeishi kando ya lami ya kilometa 39 itokayo Chunya mjini, inafaa sana. Lakini njia ya shambani kwetu ni mchanga, na breki yake ya nyuma haina ndugu katika sanduku la fundi.

Mwishowe nilichukua nyeusi ya Kihindi, iliyotumika. Nadhani bodaboda, ambazo Serikali ilizitungia kanuni za leseni mwaka 2010, zimeshusha bei ya hizi kuukuu. Si hasara kwetu. Niliinua kila gurudumu na kulizungusha, nikitazama kama rimu inayumba. Nikashika mkono wa pedali na kuutikisa kwa ubavu. Ukicheza, gololi za katikati zimekwisha. Nikachunguza rangi chini ya shingo ya fremu, maana rangi iliyopasuka pale ni dalili ya fremu iliyogonga mahali. Kisha nikasimama juu ya bomba, nyayo zote mbili chini. Nikamwachia mwenyewe tairi zake mbovu, naye akapunguza bei.

Siku ya kwanza nilishuka kusukuma mara tatu. Niliporudi, baba, ambaye ana miaka themanini na moja, aliizunguka kimya, akaibonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba, akauliza kerieri iko wapi.

Kesho yake nikaipeleka kwa mchomeleaji.