Nyumba ya Ibada ya Makindu na Jiko Lake

Sisi wa Mutuka na Babati tumekaa kando ya njia kuu iendayo Arusha na Dodoma, na wasafiri tumewazoea. Kwa hiyo yafaa tuijue habari ya nyumba moja ya ibada katika nchi jirani ya Kenya, ambayo sifa yake imeenezwa na wasafiri. Nyumba hiyo ni gurdwara ya Makindu, yaani hekalu la Wahindi wa dini ya Kisikh, tuwaitao Singasinga.

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika ziwa la Victoria mwaka 1901. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Mwaka 1898, huko Tsavo, simba waliwala watu wengi, na mmoja wao alikuwa Ungan Singh, jemadari wa Kisikh. Wasikh wengi walikuwa maseremala, wahunzi na waashi. Baada ya reli kwisha, baadhi yao walikaa Makindu, maili 200 hivi kutoka Mombasa, wakiitumikia reli. Mwaka 1926 wakajenga hapo nyumba yao ya ibada.

Guru Nanak, aliyeianzisha dini hiyo (1469–1539), alifundisha ya kuwa watu wote ni sawa mbele ya Mungu. Kwa sababu hiyo kila gurdwara ina jiko liitwalo langar, na desturi yake ni watu wote kuketi pamoja sakafuni na kula chakula kile kile bila malipo. Katika Bara Hindi, ambako watu wa ukoo mkuu hawakula pamoja na wanyonge, jambo hilo lilikuwa kubwa sana.

Baadaye kazi ya reli ilipungua Makindu, na mafundi wakahama. Nyumba nyingi hufungwa watu wake waondokapo, lakini jiko la Makindu li wazi hata leo. Apitaye, awe Mkristo, Mwislamu au mtu asiye na dini, huvua viatu, hufunika kichwa, hupewa chapati, dengu na chai. Aliyechoka hupewa na mahali pa kulala.

Wahenga walisema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Hiyo ni kwa mgeni akaaye, apitaye hana siku ya tatu. Wajenzi wa Makindu walikuwa wageni wenyewe, mbali na kwao. Reli iliwaleta, kazi ikawaondoa. Na kwa sahani ya chakula jina lao lingali likitajwa kwa wema njiani.