Haki ya Jessop katika Daraja la Pontcysyllte

Kaskazini mwa Wales, mashua huvuka bonde la mto Dee zikielea mita 38 juu ya mto, ndani ya hodhi la chuma lenye urefu wa mita 307. Daraja hilo la Pontcysyllte lilifunguliwa Novemba 26, 1805, na mwaka 2009 UNESCO ililitangaza urithi wa dunia. Vitabu vingi humpa sifa zote mhandisi Thomas Telford. Nyaraka zinakataa.

Mhandisi mkuu wa mfereji wa Ellesmere, ambao daraja hilo lilijengwa kuuvusha, alikuwa William Jessop. Telford aliajiriwa mwaka 1793 kusimamia kazi chini yake. Awali ilipangwa kujenga daraja la mawe lenye kimo kidogo, mashua zishushwe bondeni na kupandishwa tena ng'ambo kwa milango ya maji. Julai 1795 Jessop aliishauri kamati ya kampuni ya mfereji ikubali hodhi la chuma, kwa kimo chote cha bonde. Katika barua kwa Telford alieleza hofu yake kwamba waashi wangeshikwa na kizunguzungu juu ya nguzo nyembamba namna ile. Mtu wa kuazima jina tu hawazi miguu ya waashi.

Watetezi wa Telford wana hoja nzito: mapema mwaka huohuo alikuwa amekwisha kuchagua chuma kwa daraja la mfereji la Longdon-on-Tern, basi huenda wazo lilianzia kwake. Nakubali. Lakini wazo hilo lingeanguka, lawama ingemwangukia mhandisi mkuu aliyelipitisha. Zaidi ya hayo, Benjamin Outram, mbia wa Jessop, alijenga daraja la chuma la kupitisha mfereji mjini Derby likaanza kazi kabla ya lile la Longdon.

Ufundi wenyewe ulikuwa wa wengi. Matthew Davidson alisimamia ujenzi, na William Hazledine akasubu mabamba ya chuma karibu na hapo. Viungo vilizibwa kwa flaneli iliyochovywa katika sukari iliyochemshwa, kisha kwa risasi. Nguzo 18 zilijengwa zikiwa na uwazi ndani sehemu ya juu ili kupunguza uzito. Njia ya farasi wavutao mashua iliwekwa juu ya maji, ili maji yanayosukumwa na mashua yapate pa kupita.

Reli zilipokuja, biashara ya mfereji ilififia. Lakini sifa ya Telford ilizidi kukua. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1838 baada ya kifo chake, karibu zinamfuta Jessop, na mwandishi Samuel Smiles akaeneza simulizi hiyo. Ilibidi kungoja hadi 1979, Charles Hadfield na A. W. Skempton walipochapisha wasifu wa Jessop, ndipo ushahidi ukapangwa upya.

Telford alikuwa fundi mkubwa, na heshima yake haipungui tukisema kweli. Waandishi wa historia na waongoza watalii wataje majina yote mawili, la Jessop likitangulia.